Kinachotokea kwenye karatasi yako ya UE baada ya kengele

Mama mdogo alinipigia Jumapili jioni kutoka Mpwapwa. Tukasalimiana, akanipa habari za shamba na za mafua ya wajukuu, halafu akafika alikokuwa anakwenda. "Mwanangu, huyu mdogo wako hali wala halali. Nikimpigia usiku wa manane anapokea mara moja, ananiambia yuko kwenye msuli, ati anasoma. Kwani hizo alama huko vyuoni mnazitoaje, mpaka mtoto akonde hivi?"

Mdogo wangu huyo yuko mwaka wa pili, chuo kingine, si ninakofundisha. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa takwimu hapa Dodoma. Kila muhula nasimamia mitihani, nasahihisha, najumlisha, napeleka. Kwa hiyo swali la mama mdogo lilimfikia mtu wake. Kwenye simu nilimjibu kwa kifupi. Hapa nalijibu kwa kirefu, kwa ajili ya wazazi wanaoona watoto wanarudi likizo wamenyauka, na zaidi kwa ajili ya nyie mnaoingia kumbini kupiga pepa wiki hizi.

Anayeijua Dodoma ya Julai anajua baridi yake. Mvua hakuna, ni upepo mkavu unaochapa uso na kupeperusha vumbi hadi katikati ya kurasa za daftari. Ukipita kwenye vimbweta, zile meza za zege za kusomea nje, saa saba za usiku wakati wa UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, unakuta watu wamejifunga mashuka ya kimasai, kofia za sufu zimeshuka hadi kwenye nyusi, simu zinamulika madesa, yaani nukuu za masomo, yaliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka wino umefifia. Chupa ya chai ya tangawizi inazunguka. Mmoja anaeleza regresheni, watatu wanasikiliza, wa tano amelaza shavu juu ya zege amesinzia, na wenzake wamemwekea daftari chini ya kichwa. Asubuhi, saa mbili kasoro, haohao wako kwenye foleni nje ya ukumbi, kitambulisho mkononi, macho mekundu. Nimewahi kumdaka binti aliyedondoka kabla hajafika kwenye kiti chake. Hakuwa na malaria wala homa. Alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake, na hakulala kabisa.

Juu ya hayo kuna mambo ambayo hayamo kwenye mtaala wowote. Bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, limechelewa. Ada haijakamilika, na asiyekamilisha hapewi kibali cha kufanya mtihani, basi asubuhi ya pepa yuko dirisha la uhasibu anabembeleza wakati wenzake wanapitia nondo. Mwenye chumba Ng'hong'hona anataka kodi yake. Na nyumbani wanasubiri. Kwa familia nyingi za huku kwetu, Bahi, Chamwino, Kongwa, hadi Manyoni, huyo ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, na mbuzi waliouzwa ili afike wanakumbukwa mmoja mmoja kwa rangi zao. Anakaa kwenye kiti cha mtihani na ukoo mzima mgongoni. Mtu akiniambia kwamba vijana wa siku hizi wanadeka, namwomba aje asimamie pepa moja tu nami, aone mikono inavyotetemeka wakati wa kuandika namba ya usajili.

Sasa tuje kwenye alama.

Vyuo vyetu vingi vinagawa kozi mafungu mawili: 40 za kosiweki, yaani testi, kazi za nyumbani na semina, na 60 za UE. Watu wakisikia 60 wanadhani mambo yote yako huko. Fanya hesabu uone. Mwanafunzi aliyeingia UE akiwa na 18 kati ya 40 anahitaji 52 kati ya 60 ili afikishe 70 apate A. Hiyo ni karibu asilimia 87 ya mtihani mzima. Aliyeingia na 32 anahitaji 38 tu, asilimia 63 hivi. Wote wawili wanakesha usiku huohuo, kimbweta kimoja, desa moja, lakini kila mmoja ana mlima wake, na mara nyingi hakuna aliyekaa akaupima. Ninawaambia hivyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwezi wa Novemba, wakati testi ya kwanza bado wanaiona nyepesi. Wengi wanaanza kunielewa Februari.

Ukishajua kosiweki yako, chukua kalamu uandike kwa kila kozi unahitaji ngapi ili upite, na ngapi ili upate daraja unalolitaka. Kisha gawa muda wako kwa hesabu hiyo. Nimekaa na wanafunzi ofisini tukifanya zoezi hilo, na nimeona mabega ya mtu yakishuka pale anapogundua kwamba kozi iliyokuwa inamkosesha usingizi anahitaji 14 tu aipite, na ile aliyokuwa ameipuuza ndiyo inayomngoja mlangoni. Halafu lala. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wataalamu wa kumbukumbu wamelionyesha kwa miaka mingi: ubongo unapanga na kuhifadhi ulichosoma wakati umelala. Anayekesha usiku wa kuamkia pepa anafuta sehemu ya kile alichokaa muhula mzima kukijenga.

Kisha kengele inalia, kalamu chini.

Karatasi yako haiondoki na jina lako. Ina namba. Vijitabu vinahesabiwa mbele ya wasimamizi, idadi inalinganishwa na saini za mahudhurio, vinafungwa kwenye bahasha, bahasha inasainiwa. Vinanifikia hivyo. Mezani nina mwongozo wa kusahihishia niliouandika pamoja na mtihani wenyewe, kabla haujafanyika, na mwenzangu idarani akaupitia: hatua hii alama 2, hatua ile alama 3, jibu la mwisho alama 1. Simalizi kijitabu kimoja ndipo nichukue kingine. Nasahihisha swali la kwanza kwa wote, nikimaliza ndipo nageukia la pili, ili aliyeharibu mwanzoni asihukumiwe kwenye swali la nne kwa kosa la swali la kwanza. Si kila msahihishaji anafanya hivyo, lakini mimi naona ndiyo haki. Nikishamaliza, mtahini wa nje, mtu wa kutoka chuo kingine, anachukua sampuli ya karatasi na kuangalia kama nimeonea au nimependelea. Baada yake kinakaa kikao cha idara, kinafuata cha kitivo, mwisho Seneti. Ndiyo maana yale matokeo mnayoyaona mapema kwenye simu yanaitwa ya awali.

Vyuo vyetu vimepanuka sana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa 2007 kilikusudiwa kifikie wanafunzi 40,000, na mtu aliyekulia mkoa huu, ambao wageni walizoea kuupita tu wakienda kwingine, anajua hilo lina uzito gani. Najivunia. Ila upanuzi huo, nchi nzima, umekuja na madarasa ya mamia ya watu kwa kozi moja, na wasahihishaji wawili au mmoja. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Nikueleze karatasi moja. Swali la tatu, jaribio la takwimu liitwalo kai-skwea. Mwanafunzi ameandika nadharia tete zote mbili, amechora jedwali kwa rula, amekokotoa thamani zinazotarajiwa, zote sahihi, amejumlisha na kupata jibu lenyewe. Kisha akapiga mstari wa mshazari juu ya ukurasa mzima. Kalamu imezama hivi kwamba ukigeuza karatasi unauhisi mstari kwa kidole upande wa nyuma. Chini yake ameanza upya, mwandiko umelala, namba zimebebana, akaishia katikati ya jedwali kwa sababu muda umekwisha. Mwongozo unasema alichokifuta mtahiniwa hakisahihishwi. Alama 12 zilikaa chini ya mstari ule. Anajua kai-skwea vizuri kuliko wengi waliopita. Kilichomshinda ni kujiamini kwa muda wa saa mbili na nusu ndani ya chumba kile. Tangu hapo, kila darasa langu nalisihi: usifute jibu mpaka uwe umeandika jingine ukalimaliza. Ukiwa na mashaka, liache, anza pengine, na mwishoni ndipo uamue.

Halafu kuna barua. Wazazi hawajui habari hii, na wanafunzi hawaambizani. Mwishoni mwa kijitabu, baada ya jibu la mwisho, au mahali jibu lilipopaswa kuwa, mtu anamwandikia msahihishaji asiyemjua. Nimeyabadilisha maneno kidogo ili mtu asitambulike. Mmoja aliandika, "Mwalimu naomba unisaidie, kozi hii nimeshaikeri," yaani anairudia baada ya kuifeli. Mwingine, "Baba amefariki wiki iliyopita, nimefika jana usiku kutoka msibani Singida, sikupata muda wa kusoma." Mwingine, akihofia kuondolewa chuo kwa kufeli, mstari mmoja tu: "Nikidisko sina pa kurudi." Na karibu wote wanamalizia kwa kuniombea kwa Mungu.

Nazisoma zote. Haziwezi kubadili alama, na ni vema mwanafunzi ajue kwa nini: nikimwongezea alama 5 aliyeandika, nimemdhulumu aliyefiwa akanyamaza. Lakini zinaniuma kwa sababu nyingine. Yule aliyetoka msibani hakupaswa kukaa kwenye kiti kile siku ile. Kanuni za vyuo vyetu zinaruhusu kuahirisha mtihani kwa sababu za msingi, kama ugonjwa, kufiwa na mtu wa karibu, au kujifungua. Unaandika barua kabla ya pepa, unaambatanisha uthibitisho, iwe cheti cha hospitali au barua ya serikali ya mtaa, barua inapita kwa mkuu wa idara na kupanda juu. Ukikubaliwa unafanya mtihani maalumu, mara nyingi kipindi kilekile ambacho wengine wanafanya sapu, yaani mtihani wa marudio wa waliofeli. Chumba kinaweza kuwa hichohicho na karatasi ikawa hiyohiyo, lakini hesabu ni nyingine kabisa. Kwenye sapu, hata ukipata 95, katika vyuo vingi unaandikiwa C. Kwenye mtihani maalumu unaandikiwa ulichopata. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao hawajawahi kuusikia mlango huo. Wamefiwa, wameugua, wamejifungua, wakajikongoja hadi kwenye ukumbi kwa kuogopa kuonekana wamekimbia, na sasa wanabeba C ambazo hazisemi lolote kuhusu akili zao. Mzazi unayesoma hapa, ukipata msiba na mtoto yuko kwenye UE, kabla ya kumwambia ajikaze, mwambie aende kwa mshauri wa wanafunzi aulize namna ya kuahirisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kama mtu wa takwimu, linaninyima raha.

Katika vyuo vyetu vingi, kuanzia 70 hadi 100 ni A, pointi 5. Kuanzia 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. Kuanzia 50 hadi 59 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 hadi 49 ni C, pointi 2. Chini ya 40 ndiko kwenye sapu. Ili kupata GPA, yaani wastani wa pointi zako, unazidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, yaani uzito wa kozi hiyo, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu tu.

Chukua wanafunzi wawili, kozi nne zenye krediti sawa. Wa kwanza amepata 69, 69, 69 na 69. Wa pili amepata 70, 70, 60 na 60. Wastani wa alama wa yule wa kwanza ni 69, wa huyu wa pili ni 65. Lakini wa kwanza ana B+ nne, GPA yake ni 4.0. Wa pili ana A mbili na B+ mbili, GPA yake ni 4.5. Aliyepata alama nyingi zaidi yuko daraja la pili la juu, aliyepata chache yuko daraja la kwanza, na cheti hakitaeleza kilichotokea katikati. Mwalimu mwenzangu nilipomwonyesha hesabu hiyo ubaoni aliirudia mwenyewe kwa kalamu yake kabla ya kuniamini.

Ongeza na hili: katika vyuo vingi GPA inakatwa kwenye desimali ya kwanza, haikadiriwi. Mwenye 4.39 anaandikiwa 4.3. Mwenye 3.49 anaandikiwa 3.4. Na mbele ya safari kuna milango inayofunguka kwa namba hizo. Anayetaka kuajiriwa chuoni kama mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na 3.8 katika shahada ya kwanza. Anayetaka kuendelea na shahada ya uzamili anatakiwa awe na 2.7. Mwenye 3.7 anaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko sisi sote, maombi yake hayatafika hata kwenye meza ya usaili.

Ningekaa kimya kama ningeamini kwamba alama moja ni kitu kinachopimika hivyo. Haipimiki hivyo. Miaka ya 1912 na 1913 huko Marekani, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi zilizojibiwa na wanafunzi wa sekondari, wakazitoa nakala na kuwapelekea walimu zaidi ya mia moja wazisahihishe. Karatasi ileile ya Kiingereza mmoja aliipa alama za kufeli, mwingine akaipa zaidi ya 90. Watu wakasema, sawa, insha ina maoni ndani yake. Wakarudia kwa karatasi ya jiometri, somo ambalo tunadhani lina jibu moja tu, na tofauti ikawa kubwa kuliko ile ya insha: kutoka chini ya 30 hadi juu ya 90. Mmoja alihesabu jibu la mwisho pekee, mwingine akahesabu njia, mwingine akakata kwa uchafu wa karatasi. Mwongozo wa kusahihishia umepunguza sana tofauti hizo, na mtahini wa nje anazipunguza tena. Haujazimaliza. Tunakadiria zabibu kwa kiganja, kisha tunaandika bei ya gramu.

Kwa hiyo mtu akipata 69, maana yake ni kwamba msahihishaji mmoja, siku moja, katikati ya rundo la vijitabu, alifikia uamuzi huo kwa uaminifu wake wote, na msahihishaji mwingine mwaminifu vilevile angeandika 67 au 72. Mimi kila kijitabu kinachoangukia 39, 49, 59 au 69 nakiweka kando. Nikimaliza vyote nakirudia upya tangu ukurasa wa kwanza, bila kuangalia alama nilizoweka mwanzo. Vingine vinabaki palepale. Vingine vinapanda, na vipo vinavyoshuka. Zipo idara zinazofanya hivyo kwa makubaliano, na zipo zinazomwachia kila mtu dhamiri yake. Naona iwe kanuni iliyoandikwa, kila mahali, na msahihishaji alipwe kwa muda huo. Hakuna mwanafunzi anayepaswa kukosa daraja kwa alama moja ambayo haikuangaliwa mara ya pili na mtu yeyote.

Lakini ninalolitaka zaidi ya hilo ni jepesi kuliko hilo. Waonyesheni wanafunzi karatasi zao za UE.

Testi mnarudishiwa. Mnaona mahali mlipokosea, mnabishana na mwalimu, mnaelewa. UE, ambayo ina 60 nzima, katika vyuo vingi haionekani tena. Inakwenda stoo, inakaa muda wake, inateketezwa. Mwanafunzi anaona herufi kwenye simu. Aliyepata B akitarajia A anakata rufaa, analipia, karatasi inapitiwa upya, anajibiwa kwamba hakuna mabadiliko, na bado hajaiona. Anabaki na dhana zake: mwalimu ananichukia, karatasi ilipotea, alama zimebadilishwa na za mwingine. Katika karatasi mia moja za namna hiyo nyingi kabisa zilisahihishwa sawa. Lakini nyeti hapa ni kwamba yeye hana namna ya kulijua hilo, na mtu asiyeweza kujua ataogopa. Sehemu kubwa ya hofu ninayoiona kule vimbwetani ni hiyo: wanapigana na kitu ambacho hawajawahi kukiona kikifanya kazi.

Anayeumia zaidi ni wa sapu. Amepata 38. Anajua ameshindwa, hajui ameshindwa wapi. Anarudi nyumbani Kondoa au Iramba, anasoma upya kozi nzima toka mwanzo kwa sababu hana wa kumwonyesha kwamba maswali ya uwezekano aliyapata yote, na kwamba alizama kwenye sampuli peke yake. Anakuja Septemba akiwa amechoka na yaleyale ambayo hayakuwa na shida, na pale penye shida hajapagusa. Kumwonyesha kijitabu chake kwa nusu saa kungemfaa kuliko mwezi wa kujifungia chumbani.

Najua majibu ya wenzangu, nimeyasikia. Wanafunzi ni wengi mno. Watang'ang'ania nusu alama. Wataongeza majibu kwa kalamu yao wenyewe. Hoja ya kwanza ni ya kweli, na ndiyo maana nilisema muukumbuke wingi ule wa madarasa; sipendekezi kumwonyesha kila mtu kila karatasi. Tuanze na waliopata chini ya 40 pekee. Chumba kimoja, siku mbili zilizotangazwa, mwongozo wa kusahihishia uko mezani, kalamu zinaachwa mlangoni, msimamizi yupo. Mwanafunzi anasoma karatasi yake, anaandika kwa penseli kwenye karatasi nyingine maeneo aliyokosea, anarudisha, anasaini. Anayebishana alama ajaze fomu ya rufaa ileile iliyopo. Akikuta ukurasa umeruka bila kusahihishwa, au jumla ya jalada haikubaliani na ya ndani, hilo linarekebishwa, na kila mtu aliyewahi kusahihisha vijitabu mia tatu anajua kwamba mambo hayo hutokea hata kwa mwangalifu.

Nimeliandika hilo kwenye kurasa mbili na kulipeleka kwa mkuu wa idara. Amelipokea vizuri, ameniambia litaingia kwenye kikao cha idara matokeo ya muhula huu yakishapita Seneti, na ameniuliza kama kuna chuo hapa nchini ambacho tayari kinafanya hivyo. Ndiyo maana nakuomba wewe unayefundisha au unayesoma mahali ambapo wanafunzi wanaonyeshwa karatasi zao za UE, hata kama ni kwa kozi moja tu: niandikie. Nieleze mnatumia chumba gani, nani anasimamia, inachukua siku ngapi kwa darasa la ukubwa gani, na baada ya kuonyeshwa, rufaa ziliongezeka au zilipungua. Majina sihitaji. Nataka niingie kwenye kikao kile nikiwa na mifano mkononi.